Kengeza lisipopimwa huwa chongo

Wahenga walisema: ukipenda, chongo utaita kengeza. Maana yake inafahamika. Mwenye kupenda huipunguza dosari ya mpenzi wake. Jicho limepofuka kabisa, yeye anasema limeelekea upande kidogo tu. Methali hii imesimama juu ya imani moja, kwamba chongo ni balaa kubwa na kengeza ni jambo dogo la kuvumilika.

Juma hili nataka tuitazame imani hiyo, kwa sababu inawagharimu watoto wetu macho. Umbali baina ya kengeza na chongo ni mfupi kuliko methali inavyodhani. Kengeza la mtoto mdogo lisipopimwa mapema huweza kugeuka chongo. Jicho linabaki mahali pake, linang'aa na kupepesa kama kawaida, lakini halioni.

Sababu yake ni hii. Mtu mwenye macho yaliyonyooka hupata picha mbili, moja kwa kila jicho, na ubongo huziunganisha zikawa moja. Jicho moja likielekea puani au sikioni, picha hazilingani tena. Mtu mzima akipatwa na hali hiyo ghafla huona vitu viwili viwili. Mtoto haoni hivyo, kwa kuwa ubongo wake bado unajengeka, nao huamua kuipuuza picha moja. Jicho lile lililopuuzwa halijifunzi kuona. Madaktari huliita jicho vivu. Likigunduliwa mapema, huweza kuamshwa kwa miwani na kwa kuliziba lile jicho zima kwa saa chache kila siku, ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Mtoto akishapita umri wa miaka 7 au 8, kazi hiyo huwa ngumu sana. Ukimfanyia upasuaji akiwa na miaka 20, jicho litanyooka na sura yake itapendeza, lakini uwezo wa kuona uliopotea kwa kawaida haurudi.

Lipo la kutisha zaidi. Kengeza huweza kuwa dalili ya saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo, ile inayofanya mboni ing'ae nyeupe kama jicho la paka usiku. Hapo si suala la jicho tena bali la uhai.

Sasa tuingie katika historia, maana tiba ya makengeza ina historia ndefu, na ndani yake mna funzo kwa mzazi wa Geita na wa Shinyanga.

Si kila taifa lililichukia kengeza. Padri Mhispania Diego de Landa, aliyeishi miongoni mwa Wamaya wa Amerika ya Kati katika karne ya 16, aliandika kwamba akina mama wa huko walimning'inizia mtoto kidonge usoni, katikati ya macho, ili macho yazoee kuelekea puani. Kwao huo ulikuwa urembo. Huko Ulaya mambo yalikuwa kinyume. Mwaka 1583 mpasuaji Georg Bartisch wa Dresden, Ujerumani, alichapisha kitabu chenye michoro ya vinyago vya kuvalishwa watoto, vyenye matundu madogo ya kuchungulia, ili jicho lilazimike kunyooka. Halikunyooka.

Wakaja matapeli. Aliyejulikana zaidi ni Mwingereza John Taylor wa karne ya 18, aliyezunguka Ulaya kwa gari la farasi akijitangaza kuwa tabibu wa macho wa wafalme. Ndiye aliyemfanyia upasuaji mtunzi wa muziki Bach, ambaye hakupata kuona tena. Kwa wenye makengeza inaelezwa kuwa alikuwa na mbinu yake. Alijifanya kulikata jicho bovu kidogo, kisha akalifunga kitambaa lile zima. Papo hapo jicho lililopinda likanyooka na kumtazama mtu usoni. Umati ukashangilia, fedha zikalipwa, na siku ya kufungua kitambaa Taylor alikuwa amekwisha hamia mji mwingine.

Ndugu msikilizaji, mbinu ile ya tapeli ilikuwa na ukweli ndani yake. Ukiliziba jicho zima, jicho lililopinda hulazimika kusogea ili lishike kile kinachotazamwa. Leo daktari huliziba jicho moja kwa kiganja au kwa kijiko maalumu, akatazama la pili linasogea kuelekea wapi na kwa kiasi gani. Hicho ndicho kipimo cha kwanza cha makengeza duniani kote. Taylor alikitumia kudanganya, na daktari wa leo hukitumia kujua.

Upasuaji wa kweli ulianza Berlin. Tarehe 26 Oktoba 1839, mpasuaji Johann Friedrich Dieffenbach alimkata mtoto wa miaka 7 msuli unaolivuta jicho kuelekea puani, na jicho likanyooka. Kila jicho lina misuli 6 inayolizungusha, mithili ya kamba zinazoshikilia hema. Kamba moja ikikaza kupita nyingine, hema huinama. Habari zilienea Ulaya nzima, na katika miaka michache wapasuaji walikata misuli ya watu kwa maelfu. Kumbuka kwamba dawa ya usingizi haikuwapo bado. Mgonjwa alishikwa kwa nguvu akiwa macho, akilia.

Kisha furaha ikageuka majuto. Wengi waliokuwa na jicho lililoelekea puani sasa walikuwa na jicho lililoelekea sikioni. Msuli ulikuwa umekatwa tu na kuachwa, bila mtu kuuliza ulivuta kwa kiasi gani, wala ulegezwe milimita ngapi. Upasuaji ule ukapata sifa mbaya kwa miaka mingi.

Waliouokoa ni watu wa vipimo. Albrecht von Graefe wa Berlin aliufanya upasuaji uwe wa hesabu. Frans Donders wa Uholanzi alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1864 kwamba watoto wengi wenye jicho la kuelekea puani wana tatizo la kuona karibu, na kwamba miwani sahihi peke yake huweza kulinyoosha jicho bila kisu chochote. Julius Hirschberg, naye wa Berlin, katika miaka ya 1880 alitumia mwali wa mshumaa: alitazama nuru yake inaakisi wapi juu ya jicho. Kwa hesabu inayotumika leo, kila milimita moja ambayo nuru imehama kutoka katikati ya mboni ni takriban digrii 7 za kupinda. Mwaka 1890 Mmarekani Charles Prentice alipendekeza kipimo cha vioo vya prizimu: prizimu ya kipimo 1 huisogeza nuru sentimeta 1 kwa umbali wa meta 1. Kipimo hicho bado kinatumika.

Kwa vipimo hivyo daktari anajua akate nini. Mtoto mwenye jicho la kuelekea puani kwa kipimo cha prizimu 15, msuli wa kila jicho hurudishwa nyuma kiasi cha milimita 3. Akiwa na prizimu 50, hurudishwa kiasi cha milimita 6. Tazama ufinyu wa nafasi hiyo! Kati ya kengeza dogo na kengeza kubwa mno pana tofauti ya milimita 3, unene wa sarafu mbili zilizobebanishwa.

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. Tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, Marekani, daktari wa meno William Morton alimlaza mgonjwa kwa mvuke wa etha mbele ya wapasuaji, na mgonjwa akakatwa uvimbe shingoni bila kupiga kelele. Ndiyo ile tunayoiita nusukaputi. Ilikuwa neema kubwa kwa wanadamu. Mtoto wa miaka 3 hawezi kutulia akikatwa jicho. Bila nusukaputi upasuaji wa makengeza kwa watoto usingewezekana kwa namna ya kiungwana.

Lakini neema hiyo ilikuja na hila yake. Macho ya aliyelala hayasemi kweli. Mama yeyote aliyewahi kufunua kope la mtoto aliyelala fofofo ameona jinsi mboni inavyokuwa imepanda juu. Chini ya nusukaputi misuli ya macho hulegea, na ile amri ya kudumu kutoka ubongoni inayoyaweka macho sambamba hukatika. Kwa kawaida macho huachana kidogo kuelekea nje. Mtoto aliyeingia chumba cha upasuaji jicho likiwa limeelekea puani kabisa, akilala jicho lile huweza kuonekana limenyooka, au hata limeelekea nje. Mpasuaji akilifuata lile analoliona mezani, atamharibu mtoto.

Madaktari wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1977 Leonard Apt na Sherwin Isenberg wa Los Angeles walichapisha matokeo yao kuhusu mkao wa macho ya wenye makengeza chini ya nusukaputi, na wengine wakaendelea kupima kwa picha na kwa vyombo. Dawa zenyewe nazo zina tabia tofauti. Ipo dawa ya kulegeza mwili iitwayo saksametoniamu, ambayo huilegeza misuli yote ya mwili lakini ile ya macho huikaza kwa dakika kadhaa. Ketamini, ambayo hospitali nyingi za wilaya zinaitegemea, huweza kumwacha mgonjwa macho yakiwa wazi na kuchezacheza. Aidha, tangu mwaka 1908 inajulikana kwamba ukilivuta au kulibana jicho, mapigo ya moyo huweza kushuka ghafla. Hivyo mtaalamu wa usingizi hukaa karibu, akisikiliza moyo wakati mwenzake anavuta msuli.

Je, mgonjwa akishalala hakuna kinachopimika? Kipo. Daktari hulishika jicho kwa koleo ndogo na kulizungusha huku na huku, ili ajue ni msuli gani umekakamaa na upi umelegea. Jicho lililolala halijitetei, kwa hiyo jibu la kukakamaa ni safi kuliko la mtu aliye macho. Kisha kwa bikari ndogo hupima milimita kabla ya kushona. Tangu miaka ya 1970, kwa kazi ya Arthur Jampolsky wa San Francisco, watu wazima huweza kuachiwa fundo la uzi lisilokazwa. Mgonjwa akiamka, daktari humtazama akiwa macho na kulirekebisha fundo. Kwa mtoto mdogo ni vigumu. Kwake yeye kipimo kikuu kinabaki kile kilichochukuliwa kabla, akiwa ameketi mapajani mwa mama yake, ameamka, anatazama mwanasesere.

Na kipimo hicho hakichukuliwi mara moja. Mtoto hulia, huchoka, jicho lake jioni si kama asubuhi. Daktari mwangalifu hupima leo, humpa miwani, humwita baada ya majuma kadhaa, hupima tena. Vipimo viwili vikikubaliana ndipo anapanga siku ya kisu.

Basi turudi kwetu, ndugu msikilizaji. Kanda hii ya Shinyanga na Geita inajua thamani ya kupima kuliko kanda yoyote nchini. Mchimbaji mdogo aliyetoka duarani hauzi dhahabu yake kwa kuikadiria kwa jicho. Atatafuta mizani, na akiishuku atatafuta ya pili. Mwaka 1947 pale Mwadui, katika mgodi uliotokana na ugunduzi wa John Williamson wa mwaka 1940, ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, ikatolewa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Ilipokatwa zilibaki karati 23.6. Kazi ya namna hiyo hufanywa baada ya kupima na kutafakari, kwa kuwa jiwe likishakatwa halirudi. Je, jicho la mtoto ni rahisi kuliko jiwe?

Pamoja na hayo, kanda hii ina historia chungu ya kulisoma jicho bila kulipima. Miti ya Usukumani ilifyekwa, mingine ili kuwaondoa mbung'o na mingine ili kupanda pamba, hata Shinyanga ikaanza kuitwa jangwa, na serikali ikaanzisha mradi wa HASHI mwaka 1986 kuirudisha. Kuni zilipoadimika, bibi zetu walipikia kinyesi cha ng'ombe. Moshi wake uliyafanya macho yao mekundu. Watu wakayatazama macho yale wakasema: mchawi. Kwa takwimu alizozichapisha mtafiti Simeon Mesaki, kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi, 2,286 kati yao wanawake, na sehemu kubwa ya matukio hayo ilikuwa Usukumani. Macho yale yalihitaji dawa na jiko lenye bomba la moshi. Yakapata panga.

Baadaye ikaja zamu ya ndugu zetu wenye ualbino. Septemba 2009, Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua kijana mwenye ualbino huko Bukombe, wilaya iliyokuwa Shinyanga wakati huo na ambayo tangu 2012 imo Geita. Watoto waliokimbizwa majumbani mwao walikusanywa katika shule ya Buhangija, mjini Shinyanga. Wachache wanafahamu kwamba ualbino ni suala la macho sawasawa na la ngozi. Nyuzi zinazobeba habari kutoka jichoni kwenda ubongoni hupita njia isiyo ya kawaida, kwa hiyo wengi wao macho huchezacheza, huona hafifu, na kengeza ni la kawaida kwao. Hayo nayo ni mambo ya kupimwa. Kwa miaka mingi yalisimuliwa tu.

Tufanye hesabu nyepesi. Duniani hukadiriwa kuwa takriban watoto 2 katika kila 100 wana makengeza. Hata tukiikata hesabu hiyo katikati, shule ya msingi yenye watoto 1,000 ina 10. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,977,608 mkoani Geita na 2,241,299 mkoani Shinyanga. Hao ni watoto wengi mno wanaoitwa majina ya kejeli uani mwa shule huku jicho moja likilala usingizi wa milele.

Mzazi anayeamua kuhangaika hupelekwa Bugando, Mwanza, na wengine huendelea hadi KCMC Moshi au Muhimbili na CCBRT Dar es Salaam. Kwa mtu wa Geita safari ya Mwanza ilikuwa na foleni ya kivuko pale Busisi. Tangu Juni 2025 liko daraja la Kigongo hadi Busisi lenye urefu wa kilometa 3. Njia imefupika, nauli ingali nauli. Mama anafika, mtoto anapimwa, anaambiwa: mrudishe baada ya majuma sita. Anarudi nyumbani akiwa na uchungu. Anadhani amezungushwa, au anasubiriwa atoe chochote. Jirani anamwambia, kama ni kupasua si wangempasua tu akiwa amelala, wakalitazama huko huko? Safari ya pili haifanyiki. Mtoto anatimiza miaka 8.

Kwa mama huyo historia niliyoieleza si hadithi ya Wazungu wa kale. Ndiyo jibu la jirani yake. Hawawezi kulitazama huko huko. Akilala, jicho litawadanganya. Anayekuita mara ya pili hajakuzungusha. Anakataa kurudia makosa ya Berlin ya miaka ya 1840.

Lakini jibu hilo halimlipii nauli. Kwa hiyo ninasema hivi kwa wenye dhamana. Kisu kinahitaji bingwa, mtaalamu wa usingizi na mashine, na hayo hayawezi kuwa kila mahali. Kipimo kinahitaji kurunzi, kiganja cha kuziba jicho, seti ya prizimu, miwani, na mtu aliyefundishwa. KCMC kina chuo cha wapima macho, na wahitimu wapo. Hospitali za rufaa za mikoa ya Geita na Shinyanga, na ile ya kanda iliyopo Chato, zikiwa na watu hao kila siku, vipimo vyote viwili vitafanyika karibu na nyumbani, miwani itatolewa karibu na nyumbani, na wengi hawatahitaji kisu kabisa. Atakayekihitaji atasafiri mara moja, karatasi ya vipimo ikiwa mkononi. Mikoa inayotoa dhahabu na almasi haistahili kuwa mfano wa penye miti hapana wajenzi.

Na wewe mzazi, usisubiri serikali kwa lile unaloliweza. Mtoto mchanga macho yake huweza kupishana mara moja moja katika miezi 3 au 4 ya mwanzo. Hilo lisikutie hofu. Akipita miezi 6 na jicho bado linakwenda upande, mpeleke. Usiambiwe litanyooka lenyewe akikua. Jioni mwangazie kurunzi hafifu kwa mbali kidogo, utazame vile vinukta viwili vya nuru machoni mwake: vikae mahali pamoja katika kila mboni. Kisha zima kurunzi, liziba jicho moja, uone kama analia na kuusukuma mkono wako. Ziba la pili. Akikubali kuzibwa moja na kukataa lingine, jicho moja ndilo linalofanya kazi peke yake. Na ukiona mboni yenye weupe, iwe usoni mwake au katika picha, usingoje mwisho wa mwezi. Nenda juma hilo hilo.

Nanyi walimu, mkikomesha kejeli darasani mtakuwa mmetoa nusu ya tiba. Hujafa hujaumbika.

Tuwapende watoto wetu, lakini tusiwapende kwa namna ya ile methali, ya kulipa jambo jina dogo ili tupate usingizi. Mwenye kupenda na apime.

Kwaherini, hadi juma lijalo.